Doti ya arobaini

Pilau ilishaliwa, vijana walikuwa wanakunja majamvi, na mimi niko uani nasugua sufuria kwa mchanga, pale somo aliponishika mkono uliojaa masizi.

"Njoo ndani mara moja."

Somo ni binti wa nyumba ya pili. Tunaitana hivyo kwa sababu jina letu ni moja. Mama zetu walipishana miezi minne kujifungua, na hadithi ya mtaani ni kwamba walikubaliana jina kabla. Mimi nadhani wa pili aliona uvivu kutafuta jingine. Siku hiyo ilikuwa arobaini ya mama yake, ambaye nilimwita Mama Mkubwa tangu ulimi wangu ulipoanza kunyooka.

Chumbani kwa marehemu godoro lilishatolewa, vimebaki vyuma vya kitanda. Somo akafungua sanduku, akachimba mpaka chini kabisa, akatoa mfuko wa rambo wa bluu, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019. Ndani mlikuwa na doti ya kanga. Haijakatwa, haijapindwa, na karatasi ya dukani bado imeganda kwenye kona. Pindo la kijani, mji wa vidoti vyeupe. Nikaifunua kidogo nisome jina.

WEMA HAUOZI.

"Ni ya mama yako," somo akasema. "Mama aliniusia hospitali. Alisema irudi kwa mwenyewe, na mwenyewe anajua."

Nikampelekea mama. Alikuwa amewahi kurudi nyumbani kwa sababu ya magoti, amekaa kitandani na tasbihi. Aliuona mfuko kabla sijausema.

"Umepewa leo?"

"Leo."

"Leo arobaini."

"Ndiyo mama."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Za mwizi arobaini," akasema, akageukia ukutani.

Mfuko ulikaa juu ya kabati wiki sita.

Godoro la sufi

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa mwaka 1983. Wadogo zetu waulizeni wazazi: foleni za kuweka jiwe likushikie nafasi, unga wa yanga, nguo kufuliwa kwa majani ya mpapai, na balozi wa nyumba kumi mwenye daftari la nani apate sukari na nani asubiri. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini maduka hayakujua. Kisha mwishoni mwa Machi ukaanza msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Sokoine mwenyewe akiwa mbele. Usiku watu walitupa mitaroni vitu ambavyo mchana walikuwa hawana.

Mume wa Mama Mkubwa alikuwa na kiduka. Alikuwa pia na korija mbili za kanga ambazo hazikupita kwenye kiduka chochote cha ushirika. Doti arobaini, zote za aina moja: mji wa njano, pindo lenye korosho nyekundu. Zilitoka wapi sikuwahi kuambiwa, na hata leo nikiuliza mama anajibu, "Zilitoka kwa mwenyewe."

Ninachokikumbuka ni usiku mama alipofumua godoro letu. Baba alikuwa reli, kituo cha mbali, anakuja kila baada ya miezi. Mama alikaa sakafuni na kibatari, akakata mshono wa ubavuni, akachota sufi kwa mikono miwili hadi chumba kikawa kama kimeingia ukungu. Mimi na kaka yangu tulipiga chafya mpaka akatuziba midomo kwa kiganja. Akazipanga kanga tabaka mbili, akarudishia sufi juu, akashona kwa sindano ya magunia. Sufi iliyozidi akaijaza kwenye mito.

"Mkiulizwa," akasema, "godoro ni godoro."

Nilikuwa na miaka tisa. Tulilala juu ya kanga za watu karibu miezi miwili.

Sasa hivi nikiwaza ninashikwa na baridi. Sheria ya mwaka ule haikutania: kesi zilipelekwa kwenye baraza maalumu na mshitakiwa hakuruhusiwa wakili. Waliibadilisha mwaka uliofuata, lakini mama hakujua kama wangeibadilisha. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mume yuko mbali, watoto wawili, amelalia mali ya jirani. Na hakuombwa mara mbili. Mama Mkubwa alisimama upande wake wa ukuta wa uani, akasema, "Mwenzangu, nimekwama," mama akasema, "Pitisha."

Kuhesabu

Mume wa Mama Mkubwa alichukuliwa Aprili. Hawakukuta kitu. Mwisho wa Mei akarudi, amekonda, anaongea polepole kama anayetafsiri. Siku chache baadaye, usiku tena, godoro likafumuliwa.

Mama Mkubwa alihesabia chumbani kwetu, amepiga magoti kwenye mkeka. Hakuhesabu kwa sauti. Midomo ndiyo ilikuwa inacheza, na kidole gumba kinagusa ncha ya kila doti. Alipofika mwisho akasimamisha kidole. Akarudi mwanzo.

Mara ya pili alihesabu polepole zaidi.

Kisha akazifunga kwenye shuka, akafunga fundo, akalikaza fundo. "Ahsante mdogo wangu. Mungu atakulipa." Akatoka.

Hakuna aliyesema thelathini na tisa. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa nahesabu naye, kwa mchezo tu, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeziweza hesabu za makorija shuleni.

Nilimwangalia mama. Alikuwa anaokota sufi kwenye mkeka, moja moja.

Miaka yote hiyo sikuliuliza. Na si kwamba nilisahau. Mtoto anayekulia nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, choo kimoja, kuta zisizofika juu, anajifunza mapema kwamba kusikia ni jambo moja na kuuliza ni jambo jingine. Kila mtu anajua nani hakulala nyumbani, nani kapika na nani kachemsha maji tu ili moshi uonekane. Ukiuliza, utakuwa umemlazimisha mtu aongope. Adabu ilikuwa kutouliza, na bado naamini ni adabu nzuri. Ila wiki sita hizi nimeanza kuitilia shaka.

Nilichokuwa nadhani

Nilidhani mama aliiba.

Nikiri hivyo hivyo bila kupamba. Nilidhani aliona doti arobaini, akaona kanga zake mbili zilizochakaa hadi jina halisomeki, akajitetea moyoni kwamba ni ujira wake. Nilishamsamehe zamani; nilimwona ana haki, hata. Na kanga ile ya WEMA HAUOZI ilikaa sawasawa ndani ya hadithi yangu. Nakumbuka aliponunua. Ilikuwa 1986, maduka yameanza kujaa tena, Mama Mkubwa amejifungua kitindamimba wake. Tulikwenda Mtaa wa Uhuru na kuzunguka tangu saa nane mpaka adhana ya alasiri kwa sababu mama anatafuta jina. Rangi hakujali. Wauza kanga walichoka na sisi. Alipoipata hakupunguza hata bei, na mama yangu hupunguza bei hata ya chumvi.

Kwa hiyo ilikuwa fidia, nikajiambia. Kalipa deni kimyakimya, mwenzake kapokea kimyakimya, yamekwisha.

Sasa fidia imerudi na karatasi yake. Haikuvaliwa hata siku moja katika miaka karibu arobaini. Mbaya zaidi, imerudi siku ya arobaini. Ukitaka kumwita mtu mwizi bila kufungua mdomo, huwezi kupata siku bora.

Nilimkasirikia marehemu. Naandika hili kwa aibu, maana yule mwanamke ndiye aliyeninyoa nywele za utoto, na ufunguo wetu wa akiba ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake. Lakini nilikasirika. Unakula kwenye bakuli la mtu, unamwachia watoto, unamshika mkono kwenye kila msiba, na chini ya sanduku umeweka hukumu yake inasubiri?

Mihogo

Mama alinieleza Jumapili moja nikiwa namkata kucha za miguu. Labda ilikuwa rahisi kwa sababu nilikuwa nimeinama.

"Unakumbuka siku balozi alipokuja na mgambo?"

Nilikumbuka kidogo. Mgambo walibaki mlangoni, Mzee Balozi akaingia peke yake. Alifunua shuka. Aliliminya godoro kwa kiganja kilichokunjuliwa, kama mtu anayemgusa mgonjwa homa. Akamtazama mama.

"Godoro zuri hili," akasema. Akatoka, akawaambia wenzake hakuna kitu.

"Jioni yake," mama akasema, "nilikutuma wapi?"

Kikapu. Mihogo mitano na kitambaa juu, nimpelekee Mama Balozi. Niliona ajabu, maana hatukuwa na mihogo ya kugawa, na hatukuwa na mazoea nao ya kupelekeana vitu. Chini ya mihogo kulikuwa na doti moja ya njano. Mimi ndiye niliyeibeba.

"Alikuomba?"

"Nani?"

"Balozi."

Mama akanyamaza kidogo. "Hakuomba."

Hapo ndipo pananikwama hadi leo. Hakuomba. Ule mfumo wa mabalozi ulioanzishwa na TANU miaka ya sitini ulimfanya jirani yako awe jicho la serikali, lakini jicho lile lililala mtaani, liliumwa mtaani, lilizikwa na sisi. Huenda balozi alikwisha kuamua kunyamaza pale pale alipoliminya godoro. Huenda ilikuwa zawadi, na mama akaigeuza biashara kwa kuilipa. Au huenda asingetuma kitu, kesho yake angerudi na mgambo. Mama alikuwa na jioni moja tu ya kuamua, na mtu aliyemwamini wa kumshauri ndiye mwenye mali, ambaye mumewe yuko mahabusu na yeye anazimia kila akisikia gari.

"Kwa nini hukumwambia Mama Mkubwa baadaye? Pale alipokuwa anahesabu?"

"Nimwambie nimemhonga balozi kwa mali yake? Yeye na Mama Balozi wako pamoja kwenye mchezo wa kupeana, wanasukana. Ningemwambia, angemtazamaje tena yule? Na mumewe, na mdomo ule aliokuwa nao?" Akavuta mguu. "Ningesema, ingekuwa siri ya nyumba tatu. Ilikuwa ya kwangu peke yangu, ikakaa."

"Akakudhani mwizi."

"Angeniuliza ningemwambia. Hakuuliza."

Yaani alimwamini Mama Mkubwa kiasi cha kuhatarisha kifungo kwa ajili yake, lakini si kiasi cha kumwambia neno moja. Nimeligeuza hili kila upande. Nikiwa kwangu Kimara, nyuma ya geti na ukuta wenye vipande vya chupa juu, najiuliza jirani yangu wa kushoto angepitisha nini kwangu usiku. Namba yake ninayo, tupo kundi moja la simu la mtaa, tunachangiana ulinzi. Jina la mkewe silijui. Hawezi kuniibia na wala hawezi kunificha.

Bakuli la futari

Nilikaa na habari hii siku tisa kabla ya kwenda kwa somo. Sikuwa na uhakika kama ni yangu kuisema. Mama alipoulizwa akasema, "Waliokufa wamekufa. Fanya unavyoona," jambo ambalo kwa mama yangu ni ruhusa, na pia ni mtego.

Somo alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Kisha akasema, "Somo, mama alikuwa anajua."

"Anajua nini?"

"Idi ya mwaka ule. Mama Balozi alipita kutoa mkono wa Idi kavaa ile ya njano."

Idi ile iliangukia Julai. Mtaa mzima nguo zimepauka, watu wanapeana mkono na kanga zenye viraka, na Mama Balozi kapendeza kwa mji wa njano na korosho nyekundu, kitu ambacho hakikuuzwa duka lolote la jirani. (Hapa nitasema ukweli wangu: ujasiri wa yule mama ulikuwa wa kutisha.) Mama Mkubwa alikuwa anamimina chai. Aliimimina hadi ikajaa kisahani.

"Hakumwambia baba," somo akasema. "Baba mpaka anakufa aliamini aliachiwa kwa dua ya bibi. Mimi kaniambia hospitali. Kasema, 'Ile moja ndiyo iliyotutoa.'"

"Sasa hii nyingine kwa nini hakuivaa?"

"Angeivaa angekuwa amelipwa. Amlipishe nini mtu aliyemwokoa?"

"Na kuirudisha siku ya arobaini?"

Somo akaacha kuchambua. Siku hiyo haikuchaguliwa na mtu. Sanduku lilikuwa halijafunguliwa kabla; lilifunguliwa arobaini kwa sababu ndiyo siku nguo za marehemu hugawiwa kwao.

Nilitaka kuamini papo hapo. Lakini binti atamtetea mama yake, nami ningefanya hivyo hivyo. Kilichonigeuza ni kitu kidogo nilichokuwa nacho mwenyewe bila kujua ni cha nini.

Ramadhani ya mwaka ule, wiki chache baada ya kuhesabu, bakuli la futari halikuvuka ukuta.

Kila mwaka lilivuka. Sisi tunapeleka uji wa pilipili manga, wao wanaleta viazi vya nazi, bakuli halirudi tupu. Mwaka ule, mfungo mzima, hakuna. Nilidhani ni njaa, maana wote tulikuwa na njaa. Kisha usiku wa Idi likaja, la bluu lenye kovu mdomoni, limejaa tambi za sukari. Nakumbuka vizuri kwa sababu sukari ilikuwa haionekani, na kwa sababu mama alilipokea, akaliweka mezani, akaenda chumbani na kukaa muda mrefu. Sisi tukazila tambi zote.

Asubuhi Mama Mkubwa aliiona kanga. Usiku akatuma tambi. Ilikuwa ni kuomba radhi, na aliyeombwa hakujua anaombwa radhi ya nini.

Kamba

Nilimrudishia mama habari hiyo kama nilivyoipata. Alisikiliza, hakulia, kama mnasubiri kulia.

"Mfungo mmoja alinidhania," akasema baadaye sana, tukiwa tumeshahamia mambo mengine. "Mimi nimemdhania ananidhania mpaka juzi tunamzika."

Kisha akauliza bei ya dagaa.

Makala hii nimemsomea yote kabla ya kuiweka. Alinisahihisha mahali pamoja: mihogo ilikuwa minne.

Jumamosi iliyopita nilifika mchana nikaikuta uani, imeanikwa. Haijakatwa, ile doti nzima imelala kwenye kamba kama shuka refu, karatasi imebanduliwa, maji ya kijani yanadondoka kwenye saruji. WEMA HAUOZI mara mbili, moja juu chini. Mama amekaa kwenye kigoda chini yake, anaitazama ikidondoka.

Upande wa pili somo alikuwa anaanua nguo za wajukuu. Kichwa kikatokea juu ya ukuta.

"Shikamoo mama. Kanga yako inachuja hiyo!"

"Marahaba. Naiona."

"Uliitia chumvi?"

"Chumvi imekwisha."

"Ngoja."

Tukasikia kabati linafunguliwa, kijiko kinagonga kopo. Mkono ukapita juu ya ukuta na bakuli la bluu.